Baraza la Ukoo na Figo za Kapita

Anderlecht, 9 Oktoba 2023

Shemeji mpendwa, Papa Jean-Pierre,

Nakusalimu wewe na Mama Océane na wote waliolala chini ya paa lako, pamoja na shangazi Nabintu kama hajanuna. Sisi huku tunapumua. Priscille amepata kazi ya uuguzi Liège, na anakuja Jumapili akiwa na mfuko wa nguo chafu, kwa hiyo najua bado ni binti yangu. Mimi niko palepale kwenye nyumba ya wazee, nawaogesha mapadri waliostaafu. Lifti ya jengo letu imekufa tena. Barua hii anakuletea Antoinette anayepitia Kigali, na viatu ulivyoagiza viko kwenye mzigo wake.

Sasa neno lenyewe. Najua hutaki mambo ya ukoo yasemwe kwenye simu, ndiyo maana nimekaa mezani na kalamu. Kapita ni mgonjwa.

Kapita ni yule mbwa wa marehemu Bertin. Alimchukua kwenye makao ya wanyama waliotupwa, mwaka ule Priscille alipopata komunyo ya kwanza, akampa jina hilo la mnyapara kwa sababu tangu mdogo alipenda kukaa na kusimamia wengine wakifanya kazi. Sasa ni mzee. Mwezi wa nane alianza kunywa maji kwa namna ya kutisha: bakuli lake, ndoo ya kupigia deki, siku moja hata maji ya maua ya Bikira Maria. Daktari wake, dada Mflamandi anayeitwa Jolien, alimpima damu akasema ni figo, zote mbili, na haziponi. Amenipa chakula maalumu ambacho Kapita anakitazama, kisha ananitazama mimi. Amenifundisha pia kumtia maji chini ya ngozi kwa sindano. Mfuko wa maji nautundika kwenye msumari wa picha ya Baba Mtakatifu. Baba Mtakatifu kwa sasa amelazwa kwenye kochi, nitamrudisha.

Jolien anasema itafika siku ambapo huruma iliyobaki ni sindano ya mwisho, na siku hiyo haiko mbali. Anataka nikubali. Nilimwambia sina mamlaka, mamlaka ni ya kaka wa mume wangu aliye Bukavu. Alidhani natania. Lakini wewe unaelewa: mimi ni mjane, mbwa ni wa Bertin, na mjane hakati shauri la roho iliyomo nyumbani mwa mume bila kaka mkubwa kujua. Tena nikuambie ukweli, hata ningekuwa na mamlaka nisingeweza peke yangu. Asubuhi nikimkuta anapumua namshukuru Mungu, halafu nashuka ngazi nikilia mpaka kituo cha metro. Niandikie neno moja tu, ndiyo au hapana, nami nitalifuata.

Wako,
Mignonne


Bukavu, 12 Novemba 2023

Mama Priscille,

Viatu vimefika. Vinabana, lakini ni vya Ulaya, itabidi miguu ijirekebishe. Océane amejifungua mtoto wa kiume mwenye sauti ya mnadi. Presha ya mke wangu inapanda na kushuka kwa zamu na umeme. Mvua imebomoa ukuta wa jirani, naye anadai ni mteremko wetu ulioleta maji, kwa hiyo hatusalimiani. Kwa ufupi, hatujambo.

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Mimi ni mkaguzi wa shule mstaafu na mkubwa wa ukoo. Watu wameniomba ruhusa ya kuoa, ya kuuza shamba, hata ya kuhamisha kaburi. Hakuna aliyewahi kuniomba ruhusa juu ya mbwa. Hapa kwetu mbwa akiugua tunamwambia toka, naye anatoka, na shauri limekwisha.

Lakini umeuliza kama desturi inavyotaka, na aliyeuliza kwa desturi hajibiwi kwa kicheko. Tena siwezi kujibu peke yangu, kwa sababu cha Bertin ni cha ukoo. Nikaita baraza Jumapili baada ya misa ya pili. Walicheka kwanza, wakacheka vya kutosha, nikawaacha. Kisha mzee Kabamba anayeongoza baraza akauliza swali linaloulizwa juu ya kila mgonjwa mkubwa: je, kuna mtu aliyekosana naye na hajamsamehe? Aliuliza kwa mazoea tu, huku akitafuta miwani. Hapo shangazi Nabintu akasimama.

Unakumbuka alivyokuja kwenu, Bertin akiwa hai, na mfuko wake wa sambaza kavu, vile vidagaa vya ziwa letu. Sasa akasema mbele ya baraza lote: "Ile mbwa ilikula sambaza yangu yote. Yote. Bertin anacheka, miye naangalia tu. Bon, nikaiambia: weye, utakunywa maji mpaka siku utakufa."

Nilikuwa nimetoka kuwasomea barua yako, pamoja na ndoo ya deki na maji ya Bikira Maria. Hakuna aliyecheka tena. Kabamba alikunja miwani aliyokuwa ameipata, akasema shauri limebadilika.

Uamuzi ni huu. Mgonjwa aliyefungwa na neno la mkubwa hapigwi sindano ya mwisho, kwanza anafunguliwa. Shangazi yuko tayari kumfungua, ila anataka aombwe msamaha na mwenye kosa mwenyewe, si kwa wakili. Nilimkumbusha kwamba ni mbwa. Akajibu kwamba sambaza alizila kama mtu. Kwa hiyo tafadhali mfanye mbwa aombe msamaha, utupatie ushahidi. Naona aibu kuandika sentensi hiyo, lakini ndiyo niliyotumwa.

Jean-Pierre Birindwa

N.B. Mtu mmoja aliuliza nani alikuwa na Bertin siku yake ya mwisho. Nilisema turudi kwenye ajenda.


Anderlecht, 17 Desemba 2023

Shemeji,

Noeli njema kabla haijafika, na hongera kwa Océane. Mwambie sauti hiyo ni ya kwenu. Baridi imeingia mpaka kwenye mifupa. Priscille ameniletea kijana anayeitwa Thibault, mpole, anakula kila kitu. Nakuomba usiite baraza bado.

Msamaha umeombwa. Nikueleze ulivyokuwa. Kapita anasikia Kiswahili tu, kwa sababu Bertin hakuwahi kumsemesha Kifaransa hata siku moja, lakini mimi hanitii. Anamtii Padri Armand peke yake. Huyo ni mmisionari aliyekaa Walungu miaka mingi, sasa namwogesha mimi. Kiswahili chake ni cha zamani na ni cha amri tupu: leta, funga, fua, ngoja. Hajui kusema naomba. Kapita anamwona ndiye mtu pekee Brussels anayezungumza vizuri.

Siku yangu ya mapumziko nikampeleka. Lifti bado, basi Stijn wa ghorofa ya pili alinisaidia kumteremsha ndani ya kigari changu cha sokoni, mwili ndani na kichwa nje, kama mkungu wa ndizi. Kwenye metro mama mmoja wa Kimoroko alimtazama, akasimama akampisha kiti. Sikujua kama nikubali kwa niaba yake. Tukashuka Molenbeek, nikamvuta mpaka nyumba ya wazee.

Padri Armand alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka. Alisema, "Kule Walungu nilionaka ile mambo. Ni sérieux." Akamshika Kapita kidevu. "Weye. Ulikula sambaza ya maman?" Kapita akatazama dirishani. "Angalia mimi. Omba pardon." Kapita akalaza kichwa juu ya kiatu cha padri, akashusha pumzi ndefu, halafu akatapika. Padri alisema hiyo ni toba kamili, katika miaka yake yote ya kitubio ni wachache waliofika hapo. Nikafuta sakafu, na picha iko ndani ya bahasha hii. Ni ya kabla ya kutapika.

Sasa nisikilize, shemeji. Amekonda mpaka ngozi inazunguka peke yake. Miguu ya nyuma inateleza. Zamani nikichukua sindano alijificha nyuma ya pazia. Siku hizi anaipokea bila kugeuka, na hilo linaniumiza kuliko yote. Jolien anasema tusingoje mpaka alie kwa maumivu. Waambie baraza wafanye haraka. Utaratibu wao ni mzuri, lakini wao wanafuata utaratibu na yeye anateseka.

N.B. yako nimeiona. Tutaongea siku nyingine.

Mignonne


Bukavu, 28 Januari 2024

Mama Priscille,

Mwaka mpya umetukuta wote. Mtoto wa Océane anaongezeka uzito, mimi napungua, nyumba iko sawa. Jirani amejenga ukuta mpya ndani ya kiwanja chetu, kidogo tu, kiasi cha kunifanya nisilale. Barua hii ameibeba kijana wetu Dan. Anapita Kigali kumsalimia mchumba, halafu anapanda ndege.

Picha imezunguka ukoo mzima. Shangazi Nabintu aliitazama muda mrefu. "Inajutia," alisema. "Macho yake inajutia kabisa." Amemsamehe mbele ya mashahidi, akatemea mate ya baraka kwenye kipande cha kitenge chake, nacho kimo humu. Umpanguse Kapita usoni. Tangu siku hiyo watu wanamfuata shangazi nyumbani awafungulie maneno mengine aliyowahi kusema, na inaonekana yalikuwa mengi.

Baraza limekaa tena, na tena. Sielewi tumefikaje hapa. Watu wananisimamisha njiani kuniuliza Kapita ameamkaje. Padri wa parokia amemwombea kwenye misa, katika wagonjwa wetu walio ugenini. Mzee Kabamba alisema neno moja: kwamba hii ndiyo mara ya kwanza tunauguza mtu wa nyumba ya Bertin. Ni kweli. Mwaka ule wa korona Bertin aliugua na kuzikwa huko sisi tukiwa tumefungiwa ndani, ndege ziko chini, mikusanyiko marufuku. Hata matanga hatukukaa. Nilisema tungoje njia zifunguke. Zilifunguka.

Kwa hiyo wameamua. Sindano, hapana. Mgonjwa aletwe nyumbani, afie kwa watu wake, azikwe Kabare kwenye shamba la ukoo, katika nafasi iliyokuwa ya Bertin. Nilipinga. Nilisema mbwa hazikwi pamoja na wazee wetu. Waliniuliza basi nafasi ile tumweke nani.

Hilo ndilo jibu la ukoo. Kama ungeniuliza mimi peke yangu, labda ningejibu vingine. Lakini hukuniuliza hivyo.

Jean-Pierre


Anderlecht, 11 Februari 2024

Shemeji,

Salamu za leo ni fupi, unisamehe. Tangu Noeli sijapata barua. Nasikia Dan yuko Kigali, kumsalimia mchumba kumegeuka harusi, na mzigo wake uko huko. Nimengoja mpaka pale nilipoweza.

Nimefanya bila ruhusa. Ilikuwa jana, Jumamosi. Kapita aliacha kula, kisha akaacha na kunywa. Yule aliyekunywa maji ya Bikira Maria aligeuza uso mbele ya bakuli. Nikampigia Jolien nikamwambia aje. Priscille alikuja na Thibault, naye akasimama jikoni akikausha vikombe vilivyokwisha kukauka. Padri Armand alisikia habari akasema anakuja, na lifti unajua ilivyo, basi Stijn akampandisha mgongoni, ghorofa tano. Padri alifika juu amebadilika rangi. Alisema kule Walungu zamani walikuwa wanambeba kwenye kiti mabegani, na leo ndiyo mara ya kwanza amesikia namna mtu anavyohema chini yake. Akamwomba Stijn msamaha, kwa Kiswahili. Stijn hakuelewa, lakini alisema si kitu.

Kapita alikuwa kwenye kochi pamoja na Baba Mtakatifu. Jolien alitayarisha sindano, akaniuliza kama niko tayari. Sikuwa tayari. Nilimshika sikio, lile la kushoto alilopenda lishikwe. Jolien akanitazama, nikaitikia kwa kichwa, akamchoma. Padri Armand akainama mpaka karibu na kichwa chake, akatumia Kiswahili alicho nacho. "Lala, Kapita," alisema. "Lala." Na Kapita akalala.

Lile swali la baraza nalijibu sasa. Hakuna aliyekuwa na Bertin. Walinipigia kutoka hospitali wakaniambia ningoje simu nyingine. Simu ya pili ilikuwa ya kuniuliza avikwe nguo gani. Nilikuwa jikoni, na Kapita alikuwa mlangoni akimngoja, na aliendelea kulala pale mlangoni mpaka mwezi wa tisa. Nilimruka kila nilipotoka. Safari hii nilikuwepo, shemeji. Nilikuwepo mpaka mwisho, nikalia kwa sauti kubwa na hakuna aliyeninyamazisha. Jolien alidhani namlilia mbwa. Nilimlilia mbwa pia.

Wiki ijayo watanipa majivu yake. Nangoja adhabu ya baraza, nitaipokea.

Mignonne


Bukavu, 17 Machi 2024

Mama Priscille,

Pole. Pole sana. Barua zetu zimepishana njiani, na sasa utakuwa umepata ile ya hapana, pamoja na kitenge cha shangazi. Hapa wote wazima. Mtoto wa Océane amebatizwa. Kabamba alipendekeza aitwe Kapita, mama yake akatoka nje.

Kwanza adhabu, ili tuiondoe njiani. Umetozwa mbuzi mmoja kwa kufanya bila ruhusa. Baraza hilohilo limekupa mbuzi mmoja wa rambirambi kwa msiba uliokupata. Tulibishana kama ni mbuzi wawili au ni yuleyule anayekwenda na kurudi. Kabamba aliamua ni yuleyule, basi nimemchinja kwa niaba ya pande zote mbili na tumemla.

Sasa nikueleze yaliyotokea. Barua yako niliwasomea mimi mwenyewe. Nilifika kwenye ile simu ya pili, ya nguo, nikashindwa kuendelea. Kabamba alinitoa karatasi mkononi akamalizia. Shangazi Nabintu akaanza. Hakumtaja mbwa. "Bertin, mutoto wangu," alisema, "ulienda bila hata muntu mumoja." Basi wote wakafuata. Wanawake wakakaa chini, wanaume wakaenda kuleta mabenchi ya parokia, turubai likatundikwa. Majirani walikuja kuuliza nani amekufa. Nikasema ni wa nyumba ya Bertin, wakaingia. Hata yule wa ukuta aliingia, akakaa karibu nami mpaka jioni, na hakuutaja.

Tumekaa siku tatu kamili, kama inavyokaliwa kwa mtu mzima. Kiongozi wa kwaya alidai picha ya marehemu ya kuweka mezani. Picha zote za Bertin ziko kwenye simu ya Océane, na simu haikuwa na moto, umeme hamna. Iliyokuwepo ni ile ya Kapita anaomba msamaha. Wakaiweka, na mshumaa pembeni. Nimeona watu wazima, mmoja wao wakili, wakipita mbele yake na kuinamisha kichwa. Sikumrekebisha mtu, maana kila mmoja alijua anamwinamia nani.

Siku ya tatu vijana walikwenda Kabare kuchimba mahali pa majivu. Kopo la majivu linataka shimo la kupiga jembe mara mbili tatu. Nilipofika niliwakuta wamesafisha majani na kupima upana wa kaburi la mtu. Niliwauliza nani amewatuma. Mkubwa wao alisema, "Papa, tulianza tu." Nikaona sina sababu ya kuwakataza. Kwa hiyo uje mwezi wa saba na majivu ya Kapita, na uje pia na nguo za Bertin, zile alizozivaa sana, usizifue. Mwili ukiwa mbali, sisi huzika kilichougusa. Waambie Priscille na huyo kijana anayekausha vikombe waje nawe. Baraza lake nitaliita wakiwa hapa.

Kilichobaki kilikuwa urefu. Vijana waliniuliza Bertin alikuwa mrefu kiasi gani, na hakuna aliyejua. Hawa walizaliwa yeye amekwisha kukimbilia Ulaya. Mimi nimekaa miaka hii yote namkumbuka sauti, namkumbuka alivyokuwa akinibishia, lakini urefu wake ulikuwa umenitoka. Kisha nikakumbuka kwamba tulipokuwa shule tulikuwa na suruali moja nzuri sisi wawili, na aliyewahi kuamka ndiye aliyeivaa, na haikuwahi kumzidi yeyote urefu wala kumpungukia. Basi nikavua kofia nikampa Kabamba, nikalala chini pale kwenye udongo na koti langu la Jumapili. Wakachora alama kwa jembe juu ya kichwa changu, na nyingine miguuni. Ni kazi ya mara moja tu. Mimi niliendelea kulala pale nikimwita mdogo wangu na mume wako kwa jina, mpaka mvua ikaanza kunyesha, na hakuna hata mmoja aliyeniambia niinuke.

Kaka yako,
Jean-Pierre